Mtoto anapiga ngoma tatu kwa mbili mtaani, darasani anashindwa kusoma mapigo manne. Saikolojia ya elimu inasemaje?

Chaki_ya_Newala

Wakuu salaam.

Nafundisha shule ya msingi huku Newala, na katika mzigo niliopangiwa mwaka huu kuna somo la Sanaa na Michezo. Kuna jambo linanikera, naomba tulijadili kwa hoja.

Darasa la tano nina mvulana ambaye ukimpa ngoma, au hata ndoo tupu, mkono mmoja unakwenda tatu, mwingine unakwenda mbili, na mguu una hesabu zake. Hakuna mwalimu aliyemfundisha, ameokota kwa wajomba zake. Sasa mwandikie ubaoni mapigo manne, mwambie apige makofi kwa kufuata alama. Anakodoa macho. Mwisho wa muhula ripoti inasomeka: muziki, dhaifu.

Chuoni sote tulikariri wanasaikolojia akina Piaget, Vygotsky, Skinner na Bruner. Tukajibu mtihani, tukafaulu, madaftari yakaishia kwenye sanduku. Lakini huyu Bruner alisema jambo ambalo kwa mwalimu wa muziki lina thamani kuliko zana zote za kabatini. Katika miaka ya 1960 alieleza kwamba mtu hushika maarifa kwa namna tatu: kwa kutenda na mwili wake, kwa picha, halafu kwa alama. Mtoto anayekutana na jambo jipya hufika mbali zaidi akipita kwa mpangilio huo.

Sisi tunafanya nini? Tunaingia darasani, tunachora mistari mitano, tunaanza: "Hii ni nota nzima, hii nusu, hii robo." Kipindi kinakwisha hakuna mtoto aliyetoa sauti. Yaani tumeanzia ghorofa ya tatu na ngazi hatujajenga.

Mimi nimegeuza. Tunaanza uwanjani. Wanatembea kwa pigo moja, kisha mikono inapiga mara mbili kwa kila hatua, kisha mara tatu, huku wakitamka silabi zozote wanazozitaka wenyewe. Pigo likishaingia miguuni, nawapa vijiti wachore mchangani: sauti ndefu waichore wanavyoiona, fupi wanavyoiona. Hapo utacheka. Wengine wanachora mstari, wengine wanachora mihogo. Lakini wakibadilishana michoro na kusomeana, wanagundua wenyewe kwamba lazima wakubaliane alama, la sivyo hawaelewani. Siku hiyo ndiyo naandika alama rasmi ubaoni, na haina haja ya maelezo marefu, maana inakuja kukipa jina kitu ambacho tayari wanacho.

Hoja yangu: watoto wa huku si wagumu wa muziki. Tunawafundisha kinyumenyume. Anayepinga aje na hoja.

Korosho_Daraja_la_Kwanza

Nimeweka mkeka hapa. Endeleeni.

Kiranja_Mstaafu

Mwalimu, muziki hauko kwenye mtihani wa darasa la saba. Kuna Hisabati, Sayansi, Kiswahili, Kiingereza, Uraia na Maadili, Maarifa ya Jamii. Afisa elimu hatakuuliza mtoto anapiga tatu kwa mbili. Kwa nini ujichoshe?

Chaki_ya_Newala

Mkuu, ndiyo raha yake. Ni kipindi pekee ambacho hakuna mtu anayenihimiza nimalize mada ili watoto wafanye jaribio la kata. Hapo naweza kufundisha inavyotakiwa.

Kinanda_cha_Parokia

Mwalimu, umegusa mahali pangu. Mimi nafundisha kwaya upande wa Masasi, nimekulia karibu na Ndanda ambako Wabenediktini wameimbisha watu kwa miaka mingi. Nakubaliana nawe nusu.

Nusu nisiyoikubali ni hiyo ya kuzifanya alama zionekane adui. Solfa, yaani kuandika muziki kwa herufi za do, re, mi, ndiyo iliyowafanya bibi zetu, ambao hawakuwahi kugusa kinanda, wasome wimbo wa sauti nne kutoka kwenye karatasi iliyochapwa kwa taipureta. Watu wanadhani solfa ni kitu cha kanisa tu. Ilianzishwa Uingereza na mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover, kisha John Curwen akaiboresha katika karne ya 19 kwa ajili ya watoto na wafanyakazi wasio na fedha za kununua vyombo. Wamisionari wakaibeba. Ilitungwa kwa ajili ya watu wa aina yetu hasa.

Na angalia jambo hili: Curwen aliongeza ishara za mikono. Do ni ngumi, so ni kiganja kilichowekwa wima mbele ya kifua, la mkono unaning'inia. Baadaye Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki kule Hungaria, akazichukua, akazipanga juu na chini kufuatana na sauti inavyopanda. Hiyo si kutenda kwa mwili? Si picha? Mtoto anaona sauti inapanda, mkono unapanda, koo linafuata. Kwa hiyo solfa ikifundishwa kwa ishara imeshampa Bruner vyote vitatu. Tatizo ni walimu wa kwaya tunaogawa karatasi na kusema "haya, sauti ya pili, mstari wa tatu."

Chaki_ya_Newala

Mwalimu wa kwaya, hapo hatuna ugomvi hata kidogo. Mimi napinga karatasi kutangulia koo.

BintiNachingwea

Shikamooni walimu wangu. Mimi ni mwanachuo, nipo mazoezi ya kufundisha katika shule moja wilayani Ruangwa. Nimepewa darasa la sita, watoto wanazidi themanini, chombo hakuna hata filimbi. Wiki ijayo mkufunzi anakuja kunikagua na nimechagua kufundisha wimbo wa sauti mbili. Nikiwagawa makundi, kundi moja linavutwa na lingine mpaka wote wanaishia sauti moja. Mwalimu mwenyeji ananiambia hawana kipaji. Naomba msaada.

Mzee_wa_Mikindani

Marahaba binti. Nimestaafu ualimu lakini hili nalijibu, maana ni tatizo la mzigo wa akili na lina dawa.

Tazama mtoto aliyeshika karatasi ya solfa. Anasoma herufi. Anasoma nukta mbili zinazotenga mapigo, nukta moja inayogawa pigo nusu, na kistari kinachomwambia aendelee kuvuta. Chini yake kuna maneno ya wimbo. Anatafuta kimo cha sauti kooni, iwe juu au chini. Na sikioni jirani yake anaimba kitu kingine. Hesabu mwenyewe. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu saba hivi. Nelson Cowan mwaka 2001 akaja na hesabu ndogo zaidi, kama vinne. John Sweller wa Australia alijenga juu ya msingi huo kuanzia mwaka 1988: mzigo ukizidi, mtoto hajifunzi, hata awe na bidii namna gani. Huyo mwalimu mwenyeji anakiita kukosa kipaji kitu ambacho ni kubebeshwa kupita kiasi.

Dawa ni kushusha mzigo kimoja kimoja. Wimbo wako usiuguse kwa sauti mpaka maneno yasemwe kwa mapigo yake, kama shairi, huku wanapiga mapaja. Maneno yakishakuwa ya bure, yaani hayahitaji kufikiriwa, weka sauti ya kwanza kwa "la la la" bila maneno. Unganisha. Halafu, na hapa wengi wanakosea, sauti ya pili wafundishe WOTE. Darasa zima lijue sauti zote mbili kabla hujaligawa. Mtoto anayeijua sauti ya jirani haivutwi nayo ovyo, maana anajua ile ni nini.

Na kama wimbo ni wako kuchagua, usianze na sauti mbili zinazotembea sambamba kama za kanisani. Hizo ndizo zinazovutana kuliko zote. Anza na kuanzisha na kuitikia: mmoja anaanzisha, wote wanajibu. Watoto wa Ruangwa hilo wanalinyonya na maziwa. Likikaa, waitikiaji waambie wasinyamaze wakati kiongozi anaimba, warudierudie maneno mawili tu kwa sauti ya chini. Tayari una sauti mbili, na hujatumia neno lolote gumu.

BintiNachingwea

Asante sana mzee. Hilo la kuwafundisha wote sauti zote sikuwahi kulisikia chuoni.

Dufu_la_Lindi

Mimi niko Lindi mjini, mama wa watoto na mwalimu pia. Niongeze la Vygotsky, maana naona mmempita.

Vygotsky alikufa mwaka 1934, bado kijana wa miaka 37, lakini alituachia wazo la eneo lililo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa na anayemzidi. Chuoni tulifundishwa kwamba anayemzidi ni mwalimu. Darasa la themanini, mwalimu mmoja utamsaidia nani? Anayemzidi ni mtoto mwenzake, na uzuri wa pwani yetu ni kwamba kila mtoto anawazidi wenzake kwa jambo fulani.

Darasani kwangu nina watoto wa aina tatu. Waliotoka nyumba za ngoma wana mapigo. Waliotoka kwaya wana solfa na kusikia sauti mbili. Na waliotoka madrasa wana kitu ambacho walimu wengi hawakioni: sikio la urefu. Mtoto aliyefundishwa tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani, anajua madi (kuvuta sauti) ya harakati mbili, nne na sita, na ukikosea ustadh anakurudisha. Tajwidi si muziki, na naomba usiiite hivyo mbele ya mzazi, utazua balaa. Lakini sikio ni lile lile moja. Mtoto huyo ukimwambia "vuta sauti hii mapigo manne", anaivuta manne kamili wakati mwanakwaya ameishiwa pumzi kwenye la tatu.

Basi makundi yangu nayapanga yawe na wote watatu. Kazi ya kwanza anaongoza wa ngoma, ya pili wa solfa, ya tatu wa madrasa. Mtoto anayefundisha mwenzake anajifunza mara mbili, na yule ambaye jana alikuwa mzigo leo ni mwalimu.

Lipiko_Halionwi

Habari za humu. Naomba kuingiza tahadhari kabla walimu wageni hawajasoma uzi huu na kukimbilia kubeba "utamaduni wa wenyeji" kwenda darasani.

Mimi ni Mmakonde. Tunasikia kila siku: tumieni mazingira ya mtoto, anzeni na anachokijua. Sawa. Sindimba imeshachezwa majukwaani tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, haina shida ukiangalia mavazi na viuno vya watoto. Lakini lipiko, mchezaji wetu wa barakoa, lina miiko yake. Nani yuko ndani ya barakoa si habari ya kuuliza mbele ya wasichana na watoto ambao hawajaingia jandoni. Na nyimbo za unyago ni mafunzo ya mwali, zina wenyewe, manyakanga, yaani walimu wa unyago, wanazilinda. Kuna mwalimu mmoja, hakuwa mwenyeji, aliomba wasichana waimbe "nyimbo mnazozijua za nyumbani". Wasichana walioinama si kwamba hawakuzijua. Walizijua sana, ndiyo maana waliinama. Aliandika kwenye daftari lake kuwa wasichana hawashiriki.

Saikolojia ya elimu inasema anza na kilichomo kichwani mwa mtoto. Inasahau kusema kwamba vingine vilivyomo kichwani vina mlango na mlinzi.

Chaki_ya_Newala

Mkuu, hili lipewe nafasi ya juu kabisa kwenye uzi. Mimi huwa namwita mzee mmoja wa mtaa, namwonyesha orodha ya nyimbo kabla ya muhula, anafuta zisizofaa. Haulizwi kwa nini. Pia nawaambia watoto wazi: leteni nyimbo za kuchezea, za kulimia, za kubembeleza watoto. Hizo ni za wote.

Dufu_la_Lindi

Na kwa upande wetu, kuna wazazi wasiotaka vyombo. Sibishani nao. Sauti, makofi na dufu vinatosha kufundisha karibu kila kitu cha shule ya msingi.

Fimbo_na_Pipi

Naomba kuuliza kwa wanaomjua Skinner, yule wa kuimarisha tabia kwa tuzo. Mimi nikitoa pipi kwa kundi lililoimba vizuri, wiki mbili wanaimba kama malaika. Nikiacha pipi, hakuna anayefungua mdomo. Bora fimbo?

Mzee_wa_Mikindani

Fimbo kwenye kuimba? Mtoto aliyeogopa koo linakaza, pumzi inapanda juu kifuani, sauti inatoka kama imebanwa mlangoni. Utapata kelele, hutapata wimbo.

Kuhusu pipi, yaliyokukuta yana maelezo. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa zawadi likichora, kundi jingine likapewa zawadi ya ghafla, jingine halikupewa kitu. Baadaye waliporuhusiwa kucheza wanavyotaka, wale walioahidiwa ndio waliochora kidogo. Kuchora kulikuwa mchezo, kukageuzwa kibarua. Wewe umewageuza waimbaji vibarua, na kibarua bila ujira hafanyi kazi.

Skinner mwenyewe usimtupe. Ile mbinu yake ya kuimarisha hatua ndogo ndogo inafaa sana kwenye kazi ya vidole au pumzi, ambako mtoto anahitaji kujua papo hapo kama amepatia. Lakini uimarishaji wake uwe ni taarifa: "Pigo la tatu umelikimbilia, la nne limekaa." Hiyo inamtosha kuliko pipi, na haikugharimu.

Kinanda_cha_Parokia

Niongeze hapo hapo. Sifa nayo ina namna yake. Carol Dweck na mwenzake Mueller walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walivunjika moyo upesi kazi ilipokuwa ngumu kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Kwenye kwaya ndiyo usiseme. Mtoto uliyemwambia "una sauti ya dhahabu", siku akipewa wimbo mgumu anaugua ghafla.

Kiranja_Mstaafu

Lakini wakuu tuwe wakweli, kipaji kipo. Kuna watu hata uwafundishe miaka kumi hawashiki sauti.

Mzee_wa_Mikindani

Kipo, na anayekikana anadanganya. Ericsson na wenzake mwaka 1993 waliwachunguza wapiga fidla wa Berlin, wakaona waliobobea walikuwa wamefanya mazoezi ya makusudi saa nyingi zaidi. Baadaye watu wakaligeuza kuwa sheria ya saa elfu kumi, jambo ambalo utafiti ule haukulisema. Mwaka 2014 Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakakuta kwenye muziki mazoezi ya namna hiyo yanaeleza kama asilimia 21 ya tofauti kati ya watu. Si kidogo, na si yote.

Sasa swali la mwalimu wa darasa la sita si hilo. Yeye hatafuti mpiga fidla wa Berlin. Anatafuta watoto themanini waimbe wimbo mmoja kwa ufunguo mmoja, na hilo liko ndani ya uwezo wa karibu kila mtoto anayeweza kuongea.

Chaki_ya_Newala

Na hapo ndipo mwanasaikolojia Bandura anaingia. Mtu hujenga imani kwamba anaweza kupitia njia nne: akifanikiwa mwenyewe, akimwona anayefanana naye akifanikiwa, akitiwa moyo na anayemwamini, na namna anavyousoma mwili wake wakati wa kazi. Ya kwanza ina nguvu kuliko zote. Mtoto aliyewahi kuambiwa "wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti", amefungiwa njia hiyo, maana hatapata nafasi ya kufanikiwa. Wapo watu wazima hapa jukwaani waliambiwa hivyo darasa la nne na mpaka leo kanisani wanasogeza midomo.

Korosho_Daraja_la_Kwanza

Mimi hapa. Tuliambiwa watatu. Sijaimba hadharani tangu hapo, hata harusi yangu.

Mwanafunzi_wa_Zamani

Vipi ile nadharia kwamba wengine hujifunza kwa kuona, wengine kusikia, wengine kutenda? Chuoni tulipangiwa tutambue aina ya kila mtoto.

Mzee_wa_Mikindani

Pashler na wenzake waliipitia mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "aina" yake kunamsaidia. Muziki unahitaji kusikia, kuona na kutenda kwa kila mtoto. Usipoteze muda kuwabandika majina.

BintiNachingwea

Walimu wangu, nimerudi. Mkufunzi alikuja. Nilifuata ya mzee: maneno kwa mapigo, sauti ya kwanza, sauti ya pili wote, kisha nikagawa. Hawakuvutana mpaka ubeti wa pili, na walipovutana wakasikia wenyewe, wakacheka, wakarudia. Mkufunzi aliniuliza zana ziko wapi, nikamwambia ni mikono na miguu yao, akaandika kitu sikukiona.

Ila kuna jambo limenishinda. Wavulana wanne wa nyuma, wakubwa kidogo, walikaa kimya kipindi kizima. Nilipowasogelea nikasikia mmoja anajaribu, sauti inakatika, anapiga kama jogoo, wenzake wakacheka, akanyamaza. Nifanyeje?

Kinanda_cha_Parokia

Hao wanavunja sauti, binti. Zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, linakua, sauti ya mvulana inashuka karibu oktava nzima, na katikati ya safari hiyo hajui mwenyewe itatokea wapi. Ukimlazimisha sauti ya kwanza anaaibika, ukimnyamazisha anahitimisha kwamba kuimba si kwake. Hiyo ndiyo njia ya nne ya Bandura: anausoma mwili wake vibaya, kwa sababu hakuna aliyemweleza kinachotokea.

Kwanza waambie, faragha na bila utani, kwamba ni ukuaji na utapita. Halafu watafutie nafasi yao: waulize kila mmoja aimbe noti inayomjia kirahisi, sikiliza iko wapi, kisha watungie mstari wa noti tatu au nne kuzunguka hapo hapo. Kile kiitikio cha chini alichokuambia mzee kinawafaa kabisa, kishushe tu kwenye ufunguo wanaoufikia. Usiwape noti za kuruka mbali. Na wapange wakae pamoja, watu wanne wenye sauti moja inayokatika hawachekani.

Ufunguo uutafute kabla ya kipindi. Wimbo wenyewe unaanzia noti gani?

BintiNachingwea

Naanza do kwenye G mwalimu, kwa kubahatisha na simu.

Kinanda_cha_Parokia

Shusha mpaka D, halafu uwasikilize hao wanne kwanza kabla hujaliingiza darasa zima.